Cheti cha kifo cha baba, nami niko Reading, Uingereza: nianzie wapi?

Kutoka: Binti wa Kilolo, Reading

Kamwene wapendwa, na ninyi wa Rungwe mwagonile.

Nina jambo la nyumbani linaninyima usingizi. Baba alifariki Juni 2020, kijijini kwetu Kilolo, kitandani kwake. Mnakumbuka kipindi kile safari zilivyokuwa. Sikufika. Nilizika kwa simu, dada ameinyanyua juu ya umati ili nisikie udongo ukishuka. Mchungaji aliandika kwenye daftari la kanisa, mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi mashambani. Hakuna aliyekumbuka kwenda kwa mtendaji, na mimi niliyesoma ndiyo nilipaswa kukumbusha.

Sasa mama amezeeka na anahitaji fedha za mzee zilizo benki. Benki wanataka barua ya usimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo wanataka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, kwa hiyo hata upande wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, swali la kwanza ni hilo hilo: cheti kiko wapi? Kikao cha ukoo tumeshakaa, kaka mkubwa ameteuliwa. Tumekwama kwenye cheti.

Kuna mtu Iringa mjini anamwambia dada ampe laki mbili na nusu, atakileta ndani ya wiki moja bila sisi kwenda popote. Dada amechoka na safari za daladala, anataka kumpa. Mimi moyo unakataa.

Na babu mzaa baba, aliyefariki 1996 hapo hapo kijijini, shamba bado liko kwa jina lake. Cheti chake kama kipo natafuta wapi? Naombeni mwongozo kutoka kwa aliyepita njia hii.

Kutoka: Shangazi wa Mafinga, Minneapolis

Mwanangu, pole. Hukumsahau baba yako. Ulikuwa unalia ukiwa peke yako ugenini, na mtu anayelia hakumbuki fomu.

Mpigie dada yako kabla hajalala, mwambie yule mtu asipewe hata shilingi mia. Hao ni vishoka. Atawaletea karatasi yenye muhuri mzuri kabisa, itapokelewa vizuri mpaka siku itakapopelekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kuhakikiwa, na hapo msimamizi wenu ndiye atakayeonekana ameghushi. Siku hizi uhakiki wa vyeti unafanyika kwa mtandao. Hata vijana wanaoomba mkopo wa chuo na wamefiwa na mzazi wanatakiwa kuhakiki cheti cha kifo RITA kwanza. Karatasi isiyokuwa na mizizi kwenye rejista haifiki mbali.

Sikiliza inavyokwenda. Cheti hakianzii RITA, kinaanzia kwenye tangazo la kifo. Aliyefia hospitali au kituo cha afya, tangazo linatoka hapo hapo. Aliyefia nyumbani, kama kaka yangu wa kule Kilolo (baba yako nami namwita kaka), linatoka kwa afisa mtendaji. Tangazo hilo ndilo linalopelekwa kwa msajili wa wilaya, ambaye yuko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na ndipo kifo kinaingizwa kwenye rejista na cheti kutolewa. Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Ukichelewa mlango haufungwi. Unaingia kwenye usajili uliochelewa, ada inaongezeka kidogo na vielelezo vinaongezeka: barua ya mtendaji, vitambulisho vya marehemu, na maelezo ya waliokuwepo. Kwa hiyo lile daftari la mchungaji lina thamani kubwa. Halichukui nafasi ya cheti, lakini linaonyesha tarehe iliyoandikwa siku ile ile na mtu asiye na shamba la kugombania. Mwombeni nakala yenye muhuri wa usharika.

Sasa jambo lililonitesa mimi, ndilo nataka ulishike kuliko yote. Mama yangu alifia hospitali, tangazo likatoka siku hiyo hiyo, na mdogo wangu akalipokea bila kulisoma. Nani anasoma karatasi siku hiyo? Aliyeandika alimuuliza mtu wa kwanza aliyesimama karibu jina la marehemu, naye akataja jina la nyumbani, lile tulilomwita sote. Benki alikuwa kwa jina la ubatizo. Kwenye karatasi za kiwanja kuna la tatu, la mume. Cheti kikatoka kwa jina ambalo hakuna ofisi nyingine inalijua. Tulihangaika miezi saba, kiapo cha majina kwa wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, barua ya kanisa, barua ya mtendaji, wakati mdogo wangu ana mtoto mchanga mgongoni na mvua za Mufindi unazijua. Nilikuwa natuma fedha za nauli kila baada ya wiki mbili na kulia.

Kabla dada hajakanyaga ofisi ya mtendaji, kaeni kwenye simu mpange karatasi zote za baba: kadi ya benki, barua ya kustaafu, kitambulisho cha taifa, cheti cha ubatizo. Angalieni herufi kwa herufi. Wahehe na Wabena wenzangu, tunajua sisi wenyewe mambo ya l na r. Chagueni jina moja, lile lililoko benki na kwenye ajira, ndilo liandikwe kwenye tangazo. Kama majina mengine yapo, kiapo cha majina kiandaliwe mapema.

Kuhusu babu: 1996 wilaya ya Kilolo haikuwepo. Ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2002. Kwa hiyo kama kuna mtu alimwandikisha, ulizeni Iringa, wala msikubali kukata tamaa kwa kuambiwa Kilolo hayumo. Hili linawahusu wengi humu. Wa Wanging'ombe mtafute Njombe kwa vifo vya kabla ya 2012, wa Momba mtafute Mbozi. Rejista haihami na mpaka kwa sababu tu ramani imebadilika.

Kutoka: Kaka wa Tukuyu, Hamburg

Shangazi ameeleza vizuri, ndaga fijo, asante sana. Naongeza upande wa pili, maana msiba unaweza kutukuta huku na karatasi ikahitajika kule.

Rafiki yangu wa karibu, mtu wa Busokelo, alifariki hapa Ujerumani. Huku kifo kinatakiwa kupelekwa kwa msajili wa mji alikofia mtu, Standesamt, isizidi siku ya tatu ya kazi. Hautafuti mji aliokuwa akiishi. Alikuwa anaishi Hamburg na amefia mji mwingine kazini, nasi tulipoteza siku nzima kwenye ofisi isiyohusika. Ombeni pia cheti cha kimataifa chenye lugha kadhaa, Kiingereza kimo. Sisi tulichukua cha Kijerumani pekee, ikabidi tumlipe mfasiri aliyeapishwa, kisha tukaanza safari ya kuthibitisha nyaraka mpaka ubalozini. Mzee wake kule Mwakaleli alikuwa anauliza kila siku kwa nini mtoto hafiki. Chukueni nakala halisi nyingi siku hiyo hiyo. Tulichukua mbili, zikahitajika sita.

Binti wa Kilolo, swali: dada yako ana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa? Mfumo wa eRITA, huduma ya RITA ya mtandaoni, ukimkubali, maombi anaweza kuanzia kwenye simu na kupata namba ya kumbukumbu ya malipo, akalipa moja kwa moja serikalini. Hapo kishoka hana pa kuingilia.

Kutoka: Dada wa Leicester

Poleni wote. Kwa waliopo Uingereza tu, maana nimeulizwa pembeni na watu watatu wiki hii.

England na Wales kifo kinasajiliwa ndani ya siku 5, Scotland siku 8. Tangu Septemba 2024 daktari mkaguzi anapitia kwanza sababu ya kifo, na hizo siku 5 zinahesabiwa kuanzia hati inapofika kwa msajili. Msigombane na hospitali siku ya pili. Ukitaka kumsafirisha marehemu kutoka England au Wales kwenda nyumbani lazima koroner, afisa anayechunguza vifo, ajulishwe na atoe ruhusa ya mwili kutoka nchini. Kampuni ya mazishi inalifahamu hilo, lakini ulizeni wenyewe.

Anayetafuta kifo cha zamani, kumbukumbu za England na Wales zinaanzia Julai 1837 na ziko General Register Office, ofisi kuu ya usajili ya huku. Mtu yeyote anaweza kuagiza nakala, hata kama si ndugu. Unatafuta kwanza kwenye faharasa, unapata mwaka, robo ya mwaka, juzuu na ukurasa, ndipo unaagiza. Kuna familia ya Kyela ilimtafuta babu yao baharia aliyefia huku. Walikuwa na jina la meli tu na mwaka wa kukisia. Walimpata. Nilikuwepo binti yake aliposomewa ile nakala kwa simu, mama wa miaka zaidi ya sabini, akanyamaza muda mrefu halafu akauliza kama wameandika alikuwa anaumwa nini. Imeandikwa, kwa sababu cheti cha huku kina sababu ya kifo.

Cheti cha huku kinachokwenda kutumika Tanzania kithibitishwe kwanza na ofisi ya Mambo ya Nje ya Uingereza, kisha ubalozi wetu London.

Kutoka: Shangazi wa Mafinga, Minneapolis

Na sisi wa Marekani, msiandike Washington kuomba cheti. Hakuna rejista moja ya nchi nzima ya kuombea. Kila jimbo lina ofisi yake ya kumbukumbu za vizazi na vifo, na sheria zinatofautiana sana. Hapa Minnesota nakala iliyothibitishwa anapewa mwenye uhusiano au haki inayotambulika, na unaweza kuichukua kaunti yoyote. Texas wanafunga kumbukumbu ya kifo miaka 25 kwa asiyehusika. Florida sababu ya kifo inafichwa miaka 50. Kwa hiyo kwanza jua alifia jimbo gani, halafu andaa karatasi ya kuonyesha wewe ni nani kwake. Cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mzazi kinaokoa sana. Wale ambao hamna, mnakitafuta wakati wazee bado wapo.

Kutoka: Binti wa Kilolo, Reading

Ndugu zangu, nimerudi. Zimepita wiki tano.

Dada alimkatalia yule mtu. Alikasirika, akasema tutaona. Tulikaa kwenye simu usiku mzima mimi na dada na kaka mkubwa, karatasi zimepangwa mezani kwa mama. Shangazi, Mungu akubariki. Benki baba ana majina matatu, barua ya kustaafu ina mawili, na kitambulisho kimekosewa herufi moja ya jina la ukoo. Tusingeliona. Kiapo cha majina kiko tayari.

Mchungaji aliyemzika amehamishwa, lakini daftari lilibaki usharikani. Mwinjilisti alilifungua mbele ya dada, wakakuta jina lake, tarehe, na mstari unaosema alizikwa saa tisa alasiri, mvua ikinyesha. Sikujua kulikuwa na mvua Juni. Kwenye simu nilidhani ni kelele ya watu.

Mtendaji amepokea, ametoa tangazo, na wilayani wamelipokea wiki iliyopita na kutaka barua moja zaidi ya mashahidi wawili waliokuwepo mazishini. Mwenyekiti wa kitongoji amekubali. Wa pili ni mama mwenyewe. Tulitaka kumpunguzia safari tukamtafuta jirani, akakataa. Amesema yeye ndiye aliyemfumba macho, kwa hiyo yeye ndiye atakayekwenda kusema. Jumatatu kaka anampeleka kwa bodaboda mpaka barabara ya lami, halafu gari.

Wa babu bado. Iringa wamesema turudi na tarehe kamili na jina la baba yake babu. Kama yupo humu mtu wa Ukumbi au Dabaga ambaye wazee wao walizikana na wetu miaka ya tisini, naomba aniandikie.