Naomba ushauri: wakimbiaji wenye aleji ya ngano na karanga

Hamjambo wanajamii. Naomba ushauri kuhusu kikundi cha mbio za Jumamosi, msitu wa Karura. Baadhi ya wanachama wana aleji ya chakula.

Kinachotatiza ni hiki: mtu anaweza kula chapati mbili akiwa ametulia na asidhurike, lakini akila kisha akakimbia, mwili unawasha, midomo inavimba, pumzi inabana, hata presha inashuka. Mazoezi huweza kufanya protini ya ngano ipenye utumbo kwa wingi zaidi. Aspirini na ibuprofeni pia, na wengi huzimeza kabla ya mbio ili magoti yasiume! Pombe, homa, hedhi na kukosa usingizi huongeza makali. Pumu isiyodhibitiwa ndiyo naiogopa zaidi.

Kwa aleji ya ngano inayoamshwa na mazoezi, kanuni ni kutokula ngano kwa muda wa saa 4 kabla ya kukimbia, na kutokimbia peke yako. Mwenye aleji ya karanga asile karanga kabisa.

Sasa, sindano za adrenalini (dawa ya dharura ya aleji kali) za miligramu 0.3 zilizo tayari kudungwa pajani mnazipata duka gani la dawa hapa Nairobi, na kwa bei gani? Mnazikingaje na jua njiani, bila kuzigandisha kwa barafu? Na mnawafundishaje wenzenu wasimpe mgonjwa Piritoni na kungoja, wala kumsimamisha, badala ya kumdunga mara moja na kumlaza miguu juu?