Tupeane uzoefu: kumiksi (kuchanganya sauti za wimbo) nyumbani, sauti yako ilipasukia wapi?

Mwanzisha mada
Wakuu, mimi narekodi chumbani, maiki moja na kadi ya sauti ya matundu mawili. Juzi kiitikio kilikuwa kinakwaruza. Nikalaumu hedifoni, nikaazima nyingine, mkwaruzo uko palepale. Kilichonichanganya ni kwamba kila traki (sauti moja iliyorekodiwa peke yake) taa yake ilikuwa kijani. Kumbe masta, yaani njia ya mwisho ambako traki zote hukutana, ndiyo iliyowaka nyekundu (sauti imevuka mwisho) muda wote, na mimi nilikuwa nimeificha ili skrini ipate nafasi! Kiitikio nilikiimba mara nane, na sauti zikipandana hujumlishwa: nakala mbili zinazofanana kabisa huongeza desibeli 6, zisizofanana kama 3 hivi. Kwa hiyo nane zangu zilipanda kama desibeli 9 juu ya moja. Nikashika traki zote, nikashusha kwa pamoja desibeli 10, uwiano ukabaki uleule. Nyie yaliwakuta wapi?

Sikio Zito
Una bahati, yako ilitibika. Yangu iliharibikia kwenye maiki. Nilipima gaini (nguvu ya sauti inayoingia kutoka kwenye maiki) huku nanong'ona, kurekodi kulipoanza mzuka ukapanda. Nikashusha feda (kitelezo cha sauti ya traki), nikapata mkwaruzo uleule ila wa sauti ya chini. Ilibidi niimbe upya wimbo mzima, na ile hisia ya mara ya kwanza haikurudi. Siku hizi napima kwa kuimba pale ninapopayuka zaidi, vilele viishie karibu na desibeli −12, maana mwisho ni sifuri. Ukirekodi kwa biti 24 usiogope kuwa chini, huna haja ya kusukuma sauti hadi juu.

Besi Tu
Angalieni huku chini. Traki zangu za kuimba zilikuwa na mngurumo ambao sikio halikuusikia lakini mita iliuona. Nikakata kilicho chini ya hezi 80 kwenye sauti na gita, nikawaachia kiki (ngoma ya mguu) na besi eneo lao. Masta ikapumua.

Mgeni wa Usiku
Mie niliteseka wiki mbili na ugonjwa ambao hata si huu. Tiki-tiki-tiki kila traki zikiongezeka. Bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta huandaa kwa mkupuo) ilikuwa sampuli 64 na kompyuta yenyewe mzee. Nikaweka 512, kimya. Toa faili ya wimbo uisikilize: ikiwa safi, kosa ni la kompyuta, usiguse miksi.

Mwanzisha mada
Kuna jamaa kaniambia niweke limita (kizuizi cha sauti isipite kiwango fulani) kwenye masta niache kuhangaika.

Sikio Zito
Ikikata desibeli 1 au 2, sawa. Ukiibebesha 8, yenyewe ndiyo itakayokukwaruzia. Na dari yake, yaani kiwango isichokiruhusu kupitwa, weka desibeli −1, si sifuri, maana kugeuza faili kuwa MP3 kunaweza kuinua vilele kidogo.

Mwanzisha mada
Aisee! Wimbo wa kwanza WAV yake (faili isiyobanwa) ni safi, MP3 inapasuka, na nilishamgombeza rafiki yangu kwamba simu yake mbovu. Ngoja nikatoe upya.