Naomba ushauri: juisi ya forosadi na mnanaa inaingia uchungu ikifika jioni

Wakuu, naomba msaada. Kipimo ni hiki: forosadi mbivu vikombe viwili, sukari robo kikombe, ndimu mbili, maji yaliyochemshwa yakapoa lita moja, mnanaa kiganja kimoja. Vikonyo vinatolewa, vina ukakasi. Forosadi zinapondwa na sukari, zinakaa nusu saa zitoe maji, kisha zinachujwa kwa kitambaa. Mnanaa unapigwapigwa tu viganjani. Ukitwangwa unatoa uchungu.

Asubuhi ni tamu kweli. Ila kwa joto la huku Kirumba, umeme ukikatika, majani yanakuwa meusi na ladha inaharibika. Niyatoe baada ya dakika kumi, au niyaloweke kwenye shira ya moto kisha nichuje? Na nikiongeza ndimu ili wekundu usififie, sukari iongezeke kiasi gani?