Impreza WRX ya 2004: tabo mbili zimekufa ndani ya miezi miwili, na hakuna aliyeuliza ya kwanza ilikufa na nini

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mtwara. Nimekaa wiki nzima nikijizuia kuandika uzi huu kwa kuwa nilitaka hasira ipungue kwanza. Haikupungua, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Novemba mwaka jana, baada ya kulipwa fedha za korosho, nilinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, bodi ya toleo la GDA, injini aina ya EJ205 ya cc 1,994 yenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), gia za mkono, usajili wa namba C. Asije mtu hapa kuniambia kwamba gari kuukuu lina matatizo ya gari kuukuu. Hilo nililijua, na nilitenga milioni mbili pembeni kwa ajili ya mkanda wa taiming, pampu ya maji, hozi, plagi na bushi, kwa sababu naelewa kwamba mkanda ule ukikatika valvu hugongana na pistoni na injini ndiyo imekwisha. Ninaowalalamikia ni muuzaji, dalali na fundi mmoja wa hapa mjini, ambao kila mmoja kwa zamu yake alipokea fedha yangu akanyamazia jambo alilolijua au alilopaswa kulijua.

Gari lilikuwa Dar es Salaam. Nilipofika kuliangalia saa tatu asubuhi nililikuta linanguruma tayari, limepata moto, na dalali akanieleza kwamba wamelitoa kidogo ili nisisumbuke kusubiri. Leo najua kwamba injini ya namna hii hukaguliwa ikiwa imelala usiku kucha, kwa sababu moshi wa bluu na mlio wa pistoni zilizolegea kwenye silinda hujitokeza zaidi katika dakika za mwanzo, kabla chuma hakijatanuka. Muuzaji akanihakikishia kwamba gari lilikuwa la dada yake, halijawahi kukimbizwa, na kwamba "linakunywa mafuta yoyote". Kauli hiyo ya mwisho peke yake ilitosha kunifanya nigeuze njia, kwa kuwa injini hii yenye nguvu za farasi 250 ilitengenezewa petroli ya premium ya Japani, yenye oktani (kipimo cha mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema) karibu 100, na ukiipa mafuta dhaifu huku tabo ikisukuma hewa, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na kuzipiga pistoni kichwani. Lakini nilikuwa nimelipenda, na aliyependa hasikii. Tulilijaribu barabara ya Kilwa katikati ya foleni, gia ya pili na ya tatu, mwendo ambao tabo haiamki kabisa. Nikalipa milioni 11, tukaandikiana, nikaondoka.

Kati ya Somanga na Nangurukuru, nilipoanza kukanyaga mafuta kama mwenye gari lake, nikaona kwenye kioo cha nyuma moshi wa bluu mpana kama shuka. Nilisimama Nangurukuru nikachomoa kijiti cha kupimia oili: kilitoka kikavu. Nikanunua lita mbili, nikalileta gari hadi Mtwara kwa mwendo wa lori la mizigo, nikipitwa hata na Noah zilizojaa abiria.

Fundi wa kwanza, mwenye gereji kubwa na maneno mengi, alitikisa shafti ya tabo kwa vidole, ikacheza. Akasema tabo imekufa, na katika hilo alikuwa sahihi. Aliagiza nyingine iliyotumika kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 780,000, ikafika kwa basi la usiku, akaifunga siku hiyo hiyo mchana, akaweka oili mpya, akachukua 150,000 ya ufundi. Gari likaenda vizuri ajabu. Sikufikisha kilomita 900 kabla tabo hiyo nayo haijaanza kupiga mluzi, kisha kukwaruza, kisha moshi ule ule.

Nikamrudia. Badala ya kushangaa, alinieleza kwamba spea za kutumika ni bahati nasibu na kwamba niandae fedha ya nyingine.

Ni hapo nilipolivuta gari kwa kamba hadi kwa fundi mzee mmoja huko Chikongola, ambaye gereji yake ni mwembe na turubai. Kabla hajafungua boneti aliniuliza swali moja: "Ile tabo ya kwanza ilikufa na nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, na mimi mwenyewe sikuwa nimewaza kuuliza.

Mzee alinifundisha kwa subira. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya upande mmoja, na kwa shafti hiyo hiyo feni ya upande wa pili husukuma hewa kupitia interkula, yaani kipoza hewa hiyo, hadi kwenye silinda. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena haikulalia kitu kigumu. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika hata kwa muda mfupi, chuma husaga chuma. Kisha akafungua boliti ya bomba dogo linalopeleka oili, akatoa ndani yake kichujio cha wavu kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Kilikuwa kimezibwa na utope mweusi, mgumu kama lami. Tabo zote mbili zilikufa kwa kiu. Hata ningefunga mpya kutoka kiwandani, ingekufa hivyo hivyo.

Akapasua na ile filta ya oili iliyofungwa na mwenzake. Katika mikunjo ya karatasi yake mlikuwa na chembe za chuma zinazometa. Tabo ikisagika, chembe zake huteremka na oili na kuzunguka injini nzima, ndiyo maana anayebadilisha tabo anapaswa kufungua bakuli la oili na kulisafisha, kubadilisha bomba la oili pamoja na boliti zake, kuosha interkula na kuhakikisha kuwa njia ya oili kurudi chini imezibuka. Kazi hiyo ni ya siku mbili. Yule bwana wa gereji kubwa aliimaliza kati ya chai na adhuhuri.

Tulipopima mgandamizo, silinda tatu zilisoma kati ya pauni 140 na 150 kwa inchi ya mraba, ya nne ikasoma 90. Sasa injini inagonga chini, mlio mzito unaofuata kasi. Kwa lugha yetu, imenoki.

Kuhusu muuzaji, mzee alinionyesha mambo mawili. Mabaki ya oili ya zamani aliyoyakuta chini ya bakuli yalikuwa mazito kupita kiasi, aina ambayo watu humimina ili kuficha mlio na kupunguza moshi kwa siku chache za biashara. La pili liliniuma zaidi: taa ya injini kwenye dashibodi ilikuwa imebandikwa utepe mweusi kwa ndani. Unapowasha swichi kabla ya kupiga stata, taa hiyo lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mkono wa mtu. Nami siku ile nilikuwa natazama magurudumu na kusikiliza redio.

Nilimpigia muuzaji simu. Alinijibu kwa utulivu kwamba mkataba unasema gari limeuzwa kama lilivyo, na kwamba ningeweza kulipima. Nimesoma Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: makubaliano yaliyopatikana kwa udanganyifu anaweza kuyabatilisha aliyedanganywa, ila aliyefichwa kwa kunyamaziwa hubanwa ikiwa angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Nataka mwanasheria yeyote humu anieleze kama kufungua dashibodi ya gari la mtu kwa bisibisi ni uangalifu wa kawaida. Utepe haujabandikwa na upepo, na picha zake ninazo. Dalali, kwa upande wake, hapokei tena simu yangu.

Gari liko juu ya mawe, Chikongola. Kuifungua injini yote kutanigharimu si chini ya milioni tatu, na mzee amekataa kuanza hadi nipate beringi mpya, si za kutumika. Juzi yule fundi wa kwanza alinitumia ujumbe: amepata tabo nyingine nzuri Gerezani, na kwa vile mimi ni mteja wake, atanipunguzia hadi 700,000.