Mama mkwe Mwigbo, jirani Mhausa, mtoto haongezeki uzito: nimsikilize nani?

Binti_Muheza
Wanajamvi, habari za majukumu. Mimi mtu wa Muheza, nimeolewa na Mwigbo, tunaishi Kano, mtaa wa Sabon Gari wanakokaa wengi waliotoka kusini mwa Nigeria. Binti yangu ana miezi 7. Alipotimiza 6 alikuwa na kilo 7.1, juzi kliniki 7.2. Mstari kwenye kadi umelala. Malaria wamepima, hana. Nesi kaniuliza anakula nini, nikaona aibu kujibu.

Mama mkwe yuko nasi tangu nijifungue, alikuja kwa omugwo, yaani kumlea mzazi. Chakula cha mtoto ni chake, na chakula chenyewe ni akamu. Mahindi yanalowekwa siku tatu, yanasagwa mabichi, yanachujwa kwa kitambaa, maji yakitulia linabaki donge jeupe chini. Makapi wanapelekewa kuku wa jirani (wamenona hao, acheni tu). Donge anakata kijiko kimoja, anakoroga na maji yanayochemka mpaka liteleze, anatia sukari, basi. Mtoto anamaliza kikombe, tumbo linajaa, nusu saa haijaisha analia.

Huyo jirani mwenye kuku ni Mhausa. Yeye anasema niache maji meupe hayo, nimpe koko, yaani uji wa uwele, au kunun gyada, uji wa karanga na mchele. Mama akisikia karanga anasema mtoto ataharisha. Mayai ndiyo kabisa: mtoto akizoea yai atakuja kuwa mwizi. Mume yuko dukani toka asubuhi mpaka usiku, kajitoa.

Dada yangu anataka kunitumia unga wa lishe wa nafaka saba. Nipokee? Na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mzee_wa_Busati
Wanaopata lishe hapo ni kuku, mwanangu. Pole.

Lishe_Kwanza
Dada, nimefanya kazi ya lishe kliniki miaka mingi. Ondoa kwanza wazo kwamba akamu ni mbaya. Kule kuchachuka kunapunguza vijidudu na kunausaidia mwili kupata madini ya nafaka. Shida ni kitambaa na maji. Kitambaa kinaondoa pumba na kiini, na humo ndimo yalimo mafuta, protini na madini mengi. Halafu maji. Uji wenye gramu 8 za unga kwa mililita 100 una kalori 30 hivi. Mtoto wa umri huo, mbali na ziwa la mama, anahitaji kalori kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Piga hesabu: karibu mililita 700, na tumbo la mtoto wa kilo 7 linabeba kama 200 kwa mlo. Anashiba maji, ziwa analikataa, unapata hasara mara mbili.

Koko ya jirani nayo ikichujwa na kuzimuliwa haina tofauti kubwa, na wengi wanaitia tangawizi, karafuu na pilipili, zisizomfaa huyu. Kunun gyada ni afadhali, ila chagua karanga moja moja. Zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Unga wa nafaka saba usimsumbue dada yako. Nafaka saba bado ni nafaka. Ukiwa na karanga ndani ukasafiri wiki mbili, huenda ukaufungua umeshaharibika. Ziwa kwanza, kisha uji mzito usiodondoka kwenye kijiko, mara mbili au tatu kwa siku.

Msafiri77
Nimeishi Enugu. Mbona jiko la mama mkwe wako lina kila kitu? Okpa ni njugu mawe zilizosagwa zikapikwa kwa mvuke na mawese. Ile wanayoita crayfish ni uduvi, ndugu yake yule wa kwenu Tanga. Wakubwa wanatiliwa kwenye supu kila siku, mtoto ndiye haupati. Saga uwe vumbi kabisa, kijiko cha chai kwenye akamu, na mawese kidogo. Uji ukigeuka rangi ya machungwa usiogope, rangi hiyo ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A.

Mama_Watatu
Mimi ningenunua ile custard ya kopo nikamaliza ugomvi.

Lishe_Kwanza
@Mama_Watatu, soma kopo. Sehemu kubwa ni wanga wa mahindi na rangi ya njano. Hakuna yai humo.

Bibi_Korogwe
Mjukuu wangu, sisi tulitumia kimea. Uwele haukosekani Kano. Loweka usiku kucha, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu uchipue, anika, pukutisha vichipukizi, saga. Pika uji mzito kama ugali laini, uache upoe uwe vuguvugu, tia kijiko cha kimea, koroga. Utalegea mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke tena ndipo umpe.

Na mama usimfundishe. Muulize. Mwambie, mama, nyie wenzetu mliwalisha nini wakakua?

Binti_Muheza
Wiki tatu zimepita, nimerudi. Nilimuuliza kama Bibi alivyosema. Akakaa kimya, kisha akaanza kunisimulia vita vya Biafra, nchi ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria. Alikuwa na miaka 6. Mdogo wake alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu, kwashakoo. Kilichomrudisha, anasema, ni maziwa ya msaada na okporoko, samaki mkavu wa Norway, aliyesagwa. Nikamwambia, basi mama, tumsagie na huyu. Akanyanyuka mwenyewe kutafuta kinu. Kumbe hata kuolewa kwangu alikutetea kwa sababu Nyerere aliitambua Biafra, Aprili 1968!

Sasa akamu inapikwa nzito, na uduvi na mawese. Kimea nimefanikiwa mara ya pili, ya kwanza kiliota ukungu nikatupa. Karanga anaipika jirani na mama anaonja kwanza, wamekuwa mashoga wawili hao, wanaongea Kihausa kibovu na kucheka. Mtoto kilo 7.5.

Yai bado. Nampa mama akienda kanisani, maganda nayafukia kwenye majivu.