Keneli yaripoti kosa namba 8 mara ninaporuhusu vikatizo

Muulizaji, Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, habari za jioni. Tangu pilikapilika za korosho zilipokwisha nimekuwa nikiandika mfumo endeshi mdogo wa kujifunzia, wenye sura ya Unix, kwa lugha ya C na asembli kidogo, kwa ajili ya kichakataji cha biti 32, nami huujaribu ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta. GRUB, programu ya kuanzishia mfumo, huipakia keneli, yaani kiini cha mfumo, kuanzia megabaiti 1 ya kumbukumbu, maandishi huonekana, na nikigawa kwa sifuri makusudi, kosa namba 0 huripotiwa ipasavyo. Lakini mara tu amri ya sti, inayoruhusu vikatizo (ishara za vifaa zinazokatiza kazi ya kichakataji), inapotekelezwa, keneli huripoti kosa namba 8, yaani kosa maradufu (linalotokea kichakataji kinaposhindwa kushughulikia kosa jingine), pamoja na msimbo wa kosa 0x0010043C, kisha husimama. Nimeikagua GDT (jedwali la maeneo ya kumbukumbu) na staki (rundo la kumbukumbu ya muda) kwa wiki mbili bila kuona kasoro. Nitazame wapi?

Jibu, Lindi mjini

Ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe bila kulitambua. Kosa maradufu la kweli huja na msimbo wa sifuri siku zote. Hiyo 0x0010043C ni anwani iliyo ndani ya keneli yako, juu kidogo ya megabaiti 1, mahali ambapo kichakataji kilikuwa kikifanya kazi kilipokatizwa. Kilichokupigia hodi ni saa ya kompyuta. Kikatizo cha kifaa hakisukumi msimbo wowote kwenye staki, kwa hiyo programu yako ya kushughulikia kosa namba 8 ilisoma anwani ya kurudia ikidhani ni msimbo.

Chanzo chake ni cha zamani. Intel walikuwa wametenga namba 0 hadi 31 kwa matumizi ya kichakataji, lakini IBM PC ya mwaka 1981 iliviweka vikatizo vya vifaa kuanzia namba 8, na BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, imeendelea na mpangilio huo hadi leo. Inabidi uvihamishe mwenyewe kupitia milango ya mdhibiti wa vikatizo, yaani chipu zinazopokea ishara za vifaa: tuma 0x11 kwenye milango 0x20 na 0xA0, kisha 0x20 kwenye 0x21 na 0x28 kwenye 0xA1, kisha 4 na 2 kwenye milango hiyohiyo miwili, na mwisho 1 kwenye yote miwili. Saa itahamia namba 32 na kibodi namba 33.

Jibu, Masasi

Naafiki, ila kabla ya kubadilisha chochote, andika 0xFF kwenye mlango 0x21 ili kuvizuia vikatizo vya vifaa, ndipo utekeleze sti. Kosa likitoweka, hutakuwa na haja ya kuigusa GDT. Mimi niliwahi kuivuruga GDT iliyokuwa nzima kabisa kwa sababu ya kubahatisha namna hiyo.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimejaribu 0xFF na kosa likatoweka. Nimehamisha namba, na saa sasa inaingia kwenye 32. Hata hivyo inagonga mara moja tu, halafu kimya.

Jibu, Lindi mjini

Hujamjulisha mdhibiti wa vikatizo kwamba umemaliza. Tuma 0x20 kwenye mlango 0x20 kabla ya iret, amri ya kurudi kwenye kazi iliyokatizwa. Kwa vikatizo vya kifaa namba 8 hadi 15 (kwa hesabu ya mdhibiti, si ya kichakataji), tuma pia kwenye 0xA0. Kwa kibodi, soma vilevile mlango 0x60, la sivyo kitufe cha pili hutakiona.

Muulizaji

Saa inahesabu mfululizo na herufi zinaandikika. Kesho naanza kubadilishana zamu kati ya vichakato viwili, yaani programu mbili zinazoendeshwa kwa pamoja.