Maboksi yangu yanapanuka kwa nyuma, nakosea wapi?

Mtoto_wa_Jangombe:
Asalaam aleykum jamani. Najifunza kuchora mwenyewe, daftari la skuli na kalamu basi. Kila mafunzo nnayotizama wanasema anza na maboksi, nikaanza, leo wiki ya tatu kurasa 40 na kitu nishajaza lakini boksi linakuwa kubwa nyuma kuliko mbele. Mie nataka kuchora majahazi na vichochoro vya Mji Mkongwe, sasa haya maboksi yana lazima kweli? Na nitumie rula au mkono mtupu?

Darini:
Waaleykum salaam. Likipanuka nyuma ujue mistari yako inaachana badala ya kukaribiana. Boksi lina kingo 12, makundi matatu ya nne nne, na kila kundi linaelekea nukta yake moja huko mbali. Ukimaliza boksi chukua kalamu nyekundu, iendeleze mistari kwa upande wa nyuma itoke nje kabisa, utaona mwenyewe upi umekwenda kombo. Kalamu nyekundu ndo mwalimu, maana ukichora maboksi 100 bila ya kukagua unazoesha mkono makosa yale yale. Rula tumia kwenye kukagua tu, boksi lenyewe chora kwa mkono, na mkono utoke begani usipinde kiganja.

Seremala_Chake:
Nakazia hapo kwa Darini. Mie natengeneza makasha huku Pemba na mteja namchorea kwanza. Anza na ile kona iliyo karibu nawe, mistari mitatu kama Y, na zile pembe tatu baina yake kila moja izidi digrii 90, ikiwa kali zaidi ya hapo kasha linachongoka kama linataka kukuchoma. Mara nyingi sababu ni nukta umezieka karibu karibu, zisogeze hata zitoke nje ya karatasi. Halafu chora na kingo za nyuma zisizoonekana.

Bi_Mkubwa_wa_Michenzani:
Mwanangu toka nje uone kwa macho. Nenda Michenzani simama katikati ya njia utizame yale majumba marefu, ghorofa za juu mistari yake inashuka, za chini inapanda, yote inakwenda kukutana usawa wa macho yako. Alasiri shuka Forodhani utizame bahari inapokutana na mbingu, ndo usawa wa macho huo huo, ukikaa chini unashuka nawe, ukipanda darini unapanda nawe. Mie nilikariri mwaka mzima sikufahamu, nilifahamu siku niliyokaa pale ukutani.

Na kichochoro si ni boksi tu uko ndani yake? Kuta mbili, barza chini, roshani juu. Ila vya kwetu vinapinda, kwa hiyo kila kipande cha ukuta kina nukta yake, lakini usawa wa macho ni mmoja.

Mtoto_wa_Jangombe:
Ahsanteni sana wallahi. Nimepitisha nyekundu kwenye maboksi 10 ya jana, nane yameachana, na yote ni upande wa kulia! Jahazi je, halina hata kona moja?

Seremala_Chake:
Chora boksi refu, sakafu yake pitisha mistari miwili ya kona kwa kona, inapokatana ndo katikati. Hapo pitisha mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya jahazi, kwa urefu, kisha mbavu za kulia na kushoto zipimie kwenye boksi. Na huo upande wa kulia, geuza daftari uchore mstari kule mkono unakotaka kwenda wenyewe.